Mtu Aliyesoma Mchanga Mara Mbili kwa Siku

Sijui alizaliwa wapi na sikuwahi kuuliza. Nilipomfahamu alikuwa tayari mzee, na nadhani alipenda iwe hivyo, maana uzee ulimpa ruhusa ya kutojibu maswali. Kazi yake ilikuwa kusoma kipimo cha mto Simiyu kwenye daraja la barabara ya Bariadi kwenda Maswa. Chini ya daraja kulikuwa na ubao mrefu uliofungwa kwa nati kwenye nguzo, una mistari myeusi na myeupe na namba, kama rula ya shule. Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni aliteremka, akatazama maji yamegusa namba gani, akaandika kitabuni. Basi. Idara ilimlipa kwa hilo miaka mingi, na watu wakamwita Msoma Mto.

Asiyejua kwetu afahamu kitu kimoja. Simiyu ni mto kwa miezi michache tu. Kiangazi kikishika, unageuka barabara pana ya mchanga. Akina mama wanachimba visima humo, ng'ombe wanalala humo, na wavulana wanacheza mpira kutoka ukingo hadi ukingo. Msoma Mto aliendelea kuteremka mara mbili kwa siku. Aliutazama ubao uliosimama juu ya mchanga kama mtu aliyesahauliwa na basi, akaandika: kavu. Asubuhi kavu, jioni kavu. Nimezipitia kurasa zake kwa macho yangu, na ninakuambia hakuna kitabu duniani kinachochosha kama kile. Mtu mzima, ana mke na ng'ombe, anasoma mchanga.

Na alikuwa na madaha. Kabla ya kufungua kitabu lazima anawe mikono. Masika alinawa mtoni. Kiangazi alijisugua viganja kwa mchanga mkavu, taratibu, kidole kwa kidole, kisha akavipuliza. Kitabu chenyewe alikifunga kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Hakuna aliyeruhusiwa kumsomea. Mke wake alipata kuniambia kwamba siku moja mzee akiwa na homa alikwenda yeye, akasoma namba vizuri kabisa, akaileta nyumbani kichwani. Mzee akaikataa. Alijikongoja na homa yake hadi darajani, akaikuta namba ni ile ile, akaiandika.

"Mto hausomwi na watu wawili," alimwambia. "Utachanganyikiwa."

Hayo ndiyo maneno yake. Alikuwa nayo mengi ya namna hiyo na aliyatoa kama anayatoa benki. La kuchekesha zaidi ni kwamba hakujua kuogelea. Miaka yote ile kando ya mto, na sikuwahi kumwona maji yamempita goti.

Mimi nilirudi Bariadi miaka ile ya ruksa. Soko lilikuwa limefunguliwa. Nguo za mitumba zilimwagwa chini kila gulio, na pamba, ambayo tangu utoto wetu iliuzwa kwa ushirika tu, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani. Wengi walirudi kutoka mjini mikono mitupu, wamepunguzwa kazini. Mimi sikupunguzwa na mtu. Niliondoka kidato cha nne na begi moja, nikavuka mpaka wa Tunduma nimekaa juu ya magunia ya lori, nikafika Livingstone, Zambia, ambako mto Zambezi unateremka kwenye korongo kwa hasira. Wazungu wanalipa ili kuteremka nao katika boti za mpira. Miaka miwili nilibeba boti hizo kichwani kupanda korongo. Mwaka wa tatu nilikaa nyuma ya boti nikishika kasia, nahodha, nikiwapigia kelele madaktari na mawakili wa Ulaya wapige makasia, nao wakatii. Jioni nilisoma. Nikapata diploma ya utalii, yenye muhuri. Hakuna aliyenilipia hata daftari. Nayasema haya ili ieleweke ni nani alikuwa akiongea na nani pale darajani.

Mpango wangu ulikuwa rahisi na ulikuwa mzuri, hadi leo nasema hivyo. Watalii wanapita Lamadi wakienda kuwaangalia simba. Simba wanachosha siku ya tatu. Kwa nini wasiteremke Simiyu masika, siku nne, wakiruka mawe mchana na kulala kwenye kingo, huku Wasukuma wakiwachezea ngoma jioni? Bosi wangu wa Livingstone, mzungu mmoja mkavu asiye na maneno mengi, alilipenda wazo. Alisema ataleta mwenyewe wageni sita na boti mbili. Safari ya kwanza ikienda vizuri, boti zinabaki kwangu na wageni watakuja kila mwaka. Isipokwenda vizuri, boti zinarudi kwenye lori, na mimi nibaki na diploma yangu. Alisema hivyo bila kunitisha, kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

Shida ilikuwa moja. Wageni wa namna hiyo hupanga safari miezi mingi kabla, na mimi nilirudi mwezi wa sita, mto ukiwa mchanga mtupu. Nilitembea ndani yake siku tatu kuanzia darajani, na kompasi na daftari, nikiyasoma mawe makavu kama nilivyofundishwa: hapa maji yatabanwa, hapa yatageuka, hapa patakuwa na shimo la kumeza boti. Nilipata maporomoko matano ya kufaa, nikayapa majina ya Kizungu. Mawe niliyajua. Kitu nisichokijua ni maji: yatafika lini, kimo gani, na yatakaa siku ngapi. Mto wa mchanga huja ghafla na kuondoka ghafla. Ukikosea siku moja una wageni sita waliokaa ndani ya boti juu ya mchanga. Ukikosea upande wa pili una maiti.

Ndiyo maana nilimhitaji Msoma Mto, au tuseme nilihitaji debe lake.

Nilimkuta darajani jioni. Wakati huo alikuwa keshapunguzwa kazini yeye pia. Barua ilimfikia ikisema idara inamshukuru. Hakuna aliyekuja tena kwa pikipiki kuchukua nakala zake. Lakini aliendelea kuteremka. Nilimuuliza anamwandikia nani.

"Naandika mto," alisema.

"Nani anasoma?"

"Wewe si umekuja?"

Nilimweleza mpango. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matobolwa pale darajani, viazi vikavu vilivyochemshwa, alisogeza kigoda asikilize.

"Subiri kwanza," yule mama alisema. "Huyo mzungu anapanda mpira wake hapa."

"Ndiyo."

"Anashuka nao mpaka kule chini."

"Siku nne."

"Akifika?"

"Gari linamchukua linamrudisha hapa."

"Sasa si angebaki hapa hapa, baba? Ningempa viazi."

Walicheka. Mzee hakucheka; alikuwa anaangalia orodha yangu ya maporomoko matano. Nilimtajia jina la kwanza, la Kizungu, nikamweleza mahali lilipo.

"Hayo ni mawe ya kufulia," alisema. "Mke wangu anafulia pale."

Vitabu alinipa, lakini kwa mateso. Kimoja kimoja, na nisomee pale pale kwake, mikono nimenawa. Alikuwa na vitabu kumi na vinne. Miezi miwili nilikaa kwenye kigoda chake nikinakili namba kwenye karatasi za grafu, naye akiwa ameketi mbele yangu akinitazama vidole. Mwandiko wake ulikuwa mzuri ajabu. Herufi zilisimama wima, sifuri zilikuwa duara kamili, na kila namba ilikuwa na saa yake pembeni. Saa ndiyo ilikuwa dini yake. "Namba bila saa ni uvumi," alisema, mara mbili kwa juma angalau. Saa ya mkononi hakuwa nayo. Alisikiliza redio ya jirani na kutazama kivuli cha nguzo. Mimi nilikuwa na saa ya Livingstone isiyoingia maji, na niliivua nikaiweka juu ya meza makusudi.

Hapa inanibidi nieleze jambo moja kwa faida yake, maana sitaki isemwe kwamba niliandika kwa chuki. Msimu ule wa pamba, wanunuzi binafsi walikuja hadi Lalago na mizani zilizokuwa zinakula kilo. Kila mkulima alijua na hakuna aliyeweza kuthibitisha. Wakamwita Msoma Mto, kwa kuwa ndiye mtu pekee waliyemjua aliyeishi kwa kupima. Alikwenda kwa miguu akiwa na jiwe ndani ya kitambaa. Jiwe hilo alikuwa amelipima zamani kwenye mizani ya ushirika, akaliandikia uzito wake kwa rangi. Akapanga foleni na jiwe lake kama mtu aliyeleta pamba. Zamu yake ilipofika akaliweka juu ya mizani, akasoma namba kwa sauti, kisha akaligeuza ili watu waone namba iliyoandikwa kwa rangi. Hakusema zaidi. Kijana wa mizani alisema jiwe limenyonya maji ya mvua.

"Basi lingezidi," mzee alimwambia. "Kwako limepungua."

Lori liliondoka mchana ule ule, na alirudi na jiwe lake. Watu walitaka kumpa debe la mtama, akakataa. Alisema hakufanya kazi, alisoma tu. Mtu huyo ndiye niliyemwamini. Nani asingemwamini?

Siku grafu zilipokamilika nilizitandaza sakafuni kwetu, miaka kumi na minne upande kwa upande, na nikaona kitu kilichonisimamisha nywele. Mto wenyewe ulikuwa wazimu mtupu, unapanda mita tatu leo na keshokutwa kavu. Lakini kila mwaka, mahali fulani kati ya mwezi wa tatu na wa nne, kulikuwa na wiki moja ya utulivu. Siku saba. Maji yanaanza mita moja na nukta nane, yanashuka taratibu, yanaishia moja na nukta sita. Kimo hicho hicho ndicho nilichokitaka kwa boti. Wiki hiyo haikukaa tarehe moja. Mwaka huu ilikuja mapema, mwaka ule ilichelewa. Nilichukua kalenda nikahangaika nayo usiku na mchana, hadi nikagundua siri. Ilifuata mwezi. Kila mara ilikuwa wiki ya mwezi mpevu.

Nilifurahi kama mtu aliyechimba kisima akakuta mafuta. Nilimwandikia bosi wangu barua ya kurasa nne. Nilimweleza kwamba mvua za nyanda zetu huvutwa na mwezi, kama bahari inavyovutwa, na kwamba hakuna mtaalamu aliyewahi kuliona hili kabla yangu. Alijibu kwa mstari mmoja: atakuja wiki ya mwezi mpevu.

Kisha nikaenda kumwambia mzee. Nilidhani atafurahi.

"Mwezi?" aliuliza.

"Mwezi."

"Diploma ndiyo imesema?"

"Vitabu vyako ndivyo vimesema, mzee."

Alikifunga kitabu kilichokuwa wazi. Akanawa mikono tena, ingawa kazi ilikuwa imekwisha. Aliniuliza wageni wanakuja lini hasa, nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akasimama katikati, akahesabu upya.

"Wiki hiyo mimi huwa nina kazi misheni," alisema.

"Sikuhitaji wewe, namhala. Nahitaji mto."

"Sawa," alisema. "Sawa, ng'wanawane." Namhala kwa Kisukuma ni mzee, na ng'wanawane ni mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Nilichukulia kwamba hatimaye diploma imemwingia.

Kazi yake ya misheni niliijua, kila mtu aliijua. Alikuwa Mkatoliki wa kupindukia, na kila Juma Kuu aliondoka nyumbani Jumapili ya Matawi akatembea hadi misheni, akakaa huko hadi Pasaka ipite. Katika masomo ya Mateso yanayosomwa kwa zamu, yeye alipewa sehemu ya Pilato, kwa sababu ya sauti yake. Watu walisafiri kumsikia. Sisi wa upande wa pili, wa kanisa la mama yangu, tulikuwa tukimcheka kwamba mwaka mzima ni mpole, wiki moja anapata ugavana.

Wewe msomaji labda umeshaona. Mimi sikuona. Nilijua kwamba wiki niliyoichagua imeangukia Juma Kuu, nikaona ni bahati ya ratiba, kwa kuwa wazungu wana likizo.

Mwaka ule mvua zilianza vizuri. Mwezi wa pili mto ulijaa mara tatu, nami nilitembea kingoni nikitazama maporomoko yangu yakifanya kazi kama nilivyoyachora. Mwezi wa tatu ulipoa. Sikuwa na wasiwasi. Nilisubiri mwezi mpevu. Alhamisi ya Juma Kuu wageni walifika na lori na boti mbili nyekundu. Walizijaza upepo pale pale kando ya daraja, na nusu ya Bariadi ilikuja kutazama. Chini yetu Simiyu ilikuwa imelala. Kulikuwa na utepe mmoja wa maji wa kufika kwenye vifundo vya miguu, na ng'ombe wanne wakinywa.

Bosi wangu aliutazama ubao, akanitazama. Nilimwambia tungoje saa chache.

Hapo ndipo alipotokea. Alikuja kwa barabara ya misheni, peke yake, kwenye jua la saa saba, amevaa shati jeupe la kanisani, vumbi hadi magotini. Alhamisi Kuu. Mtu ambaye tangu nimjue hajakosa siku moja ya juma lile aliacha Pilato wake kwa mtu mwingine akatembea asubuhi nzima. Hakunisalimia. Yule mama wa matobolwa alimwambia mwangaluka, salamu ya asubuhi, kumtania kwa kuchelewa; akampita.

"Ng'wanawane," alisema, "wiki hii mimi sijawahi kuusoma mto."

"Wiki gani?"

"Hii ya Mateso. Kila mwaka sipo. Nikirudi, najaza."

"Unajaza nini?"

"Namba."

Sikumwelewa, au mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa, maana niliona mikono yangu imeshika kamba ya boti.

"Moja nukta nane," alisema. "Halafu nashuka taratibu. Nisionekane nimekisia."

"Miaka kumi na minne?"

"Yote."

"Kwa nini usiache wazi, mzee? Kwa nini usiandike kwamba hukuwepo?"

"Bwana wa idara alisema nikiacha wazi watajua sikuwepo."

"Si hukuwepo?"

"Sikuwepo," alikubali. "Lakini mto ulikuwepo."

Hebu fikiria. Pasaka hupangwa kwa mwezi mpevu, na mimi nikadhani ni mvua. Mtu aliyekwenda Lalago na jiwe kupigania kilo za wenzake alikuwa akigawa mita za maji kutoka kichwani. Mtu aliyekataa namba ya mke wake, namba ya kweli iliyosomwa kwa macho, alikuwa akitunga zake akiwa amekaa kitandani, na pembeni ya kila moja akaiandikia saa. Saa moja kamili. Saa kumi na moja kamili. Na aliniona nikikaa miezi miwili kwenye kigoda chake nikizinakili, akanyamaza. Alinisikia nikitaja mwezi, akanyamaza. Alinyamaza tangu mwezi wa nane. Unyamavu wa aina hiyo sisi kwetu tunauita busara. Mimi nauita kwa jina lake, uongo.

Bosi wangu alisogea. "Mzee anasema nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

Wote walinitazama, wageni sita na helmeti zao, na mzee pia. Alikuwa amekuja mwendo wote ule ili niwaambie ukweli.

"Anasema mto umechelewa kidogo juu kule," nilimwambia bosi. "Utafika kesho."

Neno la Kiingereza la kesho mzee alilijua. Bwana wa idara alikuwa akimwambia kila alipoomba rangi ya ubao. Nilimwona amelisikia. Akateremka chini ya daraja, akajisugua mikono kwa mchanga, akautazama ubao.

Mto haukuja kesho. Ijumaa wageni walilala vivulini. Jumamosi walicheza mpira mchangani na wavulana wa pale, wakafungwa. Mara mbili bosi aliniuliza mzee anasemaje sasa, na mara mbili nilimletea maneno yasiyotoka kwa mzee. Jumapili ya Pasaka, kengele zikilia, walitoa upepo kwenye boti, wakazikunja, wakaondoka kwenda kuwaangalia simba. Bosi alinipa mkono. Alisema diploma yangu ni nzuri. Lori lilipovuka daraja niliona rangi nyekundu ya mpira ikichungulia nyuma ya turubai, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipoziona boti zangu.

Mto ulikuja Jumatatu, alasiri. Nilisikia watu wakikimbia nikaenda nami. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, umebeba migunga mizima na mizizi yake, na ng'ombe mmoja aliyekufa akizunguka polepole. Kilele cha ubao hakikuonekana. Nimeteremka Zambezi kwenye maji makubwa kuliko hayo, na sijisifu bure, lakini Zambezi haina miti ya miiba inayokuja na maji. Hata mimi nisingethubutu. Wageni sita wangekufa katika poromoko la kwanza, pale kwenye mawe ya kufulia. Hili naliandika kwa kuwa ni kweli, siyo kwa kumtukuza mtu, kwani hakuna aliyeokolewa na hekima yoyote. Tuliokolewa na ukame wa siku nne.

Yeye alikuwa pale, amesimama juu ya ukingo, mbali na maji kama kawaida yake. Alikuwa akiandika. Nilichungulia. Siku zote za Juma Kuu, kuanzia Alhamisi, zilikuwa na neno moja: kavu, kavu. Jumapili ya Matawi hadi Jumatano, siku ambazo alikuwa misheni, zilikuwa wazi. Pale pa Jumatatu aliandika: umepita ubao. Kisha saa.

Sikumsemesha siku hiyo, na sikumsemesha miaka mingi baadaye.

Sikufa kwa sababu hiyo. Aliyevuka Tunduma juu ya magunia hafi kwa kukosa boti. Nilianza na chumba kimoja cha wageni karibu na stendi, leo nina vyumba kumi na vinane na bafu ndani, na Bariadi ilipofanywa makao makuu ya mkoa, maofisa wa kwanza walilala kwangu. Diploma iko ukutani mapokezi. Wageni huuliza, nami hueleza kuhusu Zambezi. Simiyu siitaji.

Mara ya mwisho kumwona nilikuwa natoka Maswa na gari langu. Niliona mtu amekaa kwenye ukingo wa daraja, debe mapajani. Sijui kwa nini nilisimama. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Aligeuza kichwa aliposikia mlango wa gari.

"Nani?"

Nilijitambulisha.

"Aa. Bwana Mwezi," alisema. "Umenenepa. Nasikia kwa hatua."

Nilimuuliza hali, akasema macho yamekwenda likizo. Mke wake alikuwa ameshafariki. Akaniambia kwamba yapata saa kumi na moja sasa na hajapata mtu wa kumsomea.

"Mto si hausomwi na watu wawili?" nilimkumbusha.

"Sasa ni mmoja. Mimi sioni. Shuka unisomee."

Nilivua viatu nikateremka. Maji yalikuwepo, ya kadiri, yakipita kwa utulivu. Nilikwenda hadi kwenye nguzo, na nguzoni hapakuwa na kitu. Nati mbili zilizoota kutu, na alama ya weupe mahali ubao ulipokuwa umekaa. Ulikuwa umechukuliwa na maji. Nilisimama pale nikimtazama yule mzee juu ya daraja, amekwishafungua debe, amekwishafungua kitambaa, kitabu kiko wazi magotini na kalamu mkononi, ameinamisha sikio upande wangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimhurumia. Nilikisia kwa macho, kama nahodha anavyokisia.

"Moja nukta nne," nilimwambia.

Hakuandika. Mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Ubao uliondoka masika iliyopita," alisema. "Niliusikia ukikatika."

Nilipanda juu nikiwa nimeshika viatu mkononi.

"Siku ile ya wazungu wako," alisema, "nilisema moyoni: huyu kijana akipewa kitabu, atajaza vizuri kuliko mimi." Alipapasa hewani hadi akaupata mkono wangu, akaniwekea kalamu. "Haya, andika: ubao hakuna. Na saa uiangalie, usikisie."

Niliangalia saa yangu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika nane. Nikanawa mikono, nikaandika.